Kwetu Wapi? Hilo si Swali la Sensa

Kila sensa ikipita, vijiwe vya Tunduma navyo huanza ya kwao. Karani wa serikali amekwisha kupita na kishikwambi chake, ameuliza umri, elimu, ulemavu, maji mnachota wapi, choo cha namna gani, usiku mnawasha nini. Akishapotea tu kwenye kona, jamaa wanaanza: Wanyamwanga wako wangapi mjini hapa, Wanyiha wangapi, Wandali je, Wanyakyusa wameshika maduka mangapi, na hawa Wasukuma wenye ng'ombe waliojaa kule bondeni walikaribishwa na nani? Hakuna aliyehesabu hata nyumba kumi, lakini kila mtu ana asilimia zake. Na ajabu ya Musa, asilimia za kila mtu zinampa ushindi yeye!

Maneno ya kijiweni hayanisumbui sana. Kijiwe ni kijiwe. Kinachonisumbua ni kwamba siku hizi wapo vijana wenzetu wasomi, tena waandishi, watu tunaoazimana vitabu, wanaosema dawa ya ubishi huu ni moja tu: serikali irudishe swali la kabila kwenye sensa, tujuane tuko wangapi, mambo yaishe. "Mbona India wanahesabu mpaka kijijini?" wanauliza, kana kwamba wamefunga mjadala.

Hawajafunga kitu. Nasema swali hilo lisirudi, na nitasema kwa nini.

Swali lilikuwapo, wala si jipya. Waingereza waliliuliza mwaka 1948 na mwaka 1957. Serikali huru nayo ililiuliza mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, nchi ilipokutwa na watu 12,313,469. Hapo ndipo likazikwa. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza kabila wala dini. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilitaka dini iulizwe, vikawahimiza watu wagome kuhesabiwa. Patashika ikawa kubwa, serikali haikulegea. Kwa hiyo leo tunajua kwamba mkoa wa Songwe ulikuwa na watu 1,344,687 mwaka 2022, kutoka 998,862 mwaka 2012, wakati eneo lake lingali sehemu ya Mbeya. Tunajua mji wa Tunduma ulikuwa na watu 97,562 mwaka huo wa 2012, na miaka kumi baadaye wakawa 219,309. Ukitaka kujua kati ya hao Wanyamwanga ni wangapi, hakuna ofisi itakayokupa jibu. Na iwe hivyo hivyo.

Sasa twende India, maana mfano huu unatajwa sana na wasioujua. Waingereza waliwahesabu Wahindi kwa tabaka la kuzaliwa, tabaka moja moja, hadi sensa ya 1931. India ilipojitawala iliacha kuhesabu matabaka yote, ikabakiza makundi mawili yaliyoorodheshwa kisheria: matabaka ya chini kabisa, yaani Dalit, ambao wenzao waliona ni mwiko hata kuwagusa, na jamii za asili, nyingi zikiwa za milimani na misituni. Sensa ya 2011 iliyakuta makundi hayo ni asilimia 16.6 na asilimia 8.6 ya taifa. Kweli hesabu inashuka mpaka kijijini. Ukifungua majedwali ya wilaya utakuta jina la kijiji, kaya ngapi, watu wangapi, na kati yao Dalit wangapi. Hawafanyi hivyo kwa udaku. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1992 yaliagiza viti vya mabaraza ya vijiji vitengwe kwa uwiano wa idadi hiyo. Jimbo la Bihar limekwenda mbali zaidi, likatoa hesabu ya matabaka yake yote mwaka 2023, na Aprili 2025 serikali kuu ilitangaza kwamba sensa ijayo itawahesabu wote.

Sina ugomvi na hesabu hiyo hata kidogo. Dalit alizaliwa chini ya ngazi. Wa juu walimnyima kisima, wakamfungia hekalu, wakamwachia kazi ya kuzoa mizoga na vinyesi, na hata akihamia mjini jina lake linamfuata kama kivuli. Kumhesabu ni kumwambia aliyekaa juu: tazama, uliowakalia vichwani ni hawa, na wako wangapi. Haya, niambieni, ngazi ya Songwe iko wapi? Ni Mnyiha gani wa Mbozi anayemkataza Mnyamwanga kisima? Mndali wa Ileje anaoa Msafwa, shemeji zake wanakuja na nyimbo zao, pombe inanywewa, kesho yake watu wanarudi shamba. Makabila yetu yamekaa ubavu kwa ubavu kama mashamba, wala hayakupangwa juu na chini. India wanahesabu ngazi ili waibomoe. Sisi tutahesabu ili tuijenge!

Maana tutaijenga tu, msidanganyane. Tazameni majirani. Kenya huhesabu makabila, na mwaka 2019 ilitangaza Wakikuyu 8,148,668, Waluhya 6,823,842, Wakalenjin 6,358,113, na kuendelea. Namba hizo hazilali kabatini. Ukifika uchaguzi kila mwanasiasa anazijumlisha kwa vidole: kabila langu na lako na la yule, tumeshinda. Na hilo jina la Wakalenjin, hao milioni sita na ushee, lilianza kushika katika miaka ya 1940, watu wa lugha za jirani walipoona kuwa wengi kuna faida. Umoja wenyewe si dhambi. Ila muone namna kabila linavyonenepa likipewa kisanduku cha kujazwa.

Hata haya makabila yetu mnayotaka yahesabiwe, nani aliwaambia yamekaa tayari kama mahindi kwenye gunia, yanasubiri mizani? Wanyiha wa zamani hawakuwa na mtawala mmoja. Walikuwa na himaya ndogo ndogo, kila moja na mwene wake. Mwaka 1926 Waingereza walitunga sheria ya tawala za wenyeji, wakataka kila mtu awe na kabila, kila kabila na mtemi, na kila mtemi na daftari la kodi. Mwanahistoria John Iliffe alieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1979, jinsi wakoloni walivyoyasaka makabila na wenyeji nao wakayakamilisha. Utemi tuliufuta mwaka 1963. Leo mnataka daftari lirudi bila mtemi?

Halafu chukueni mtoto mmoja tu wa Mpemba. Baba Mnyiha, mama Mnyamwanga. Kwa Wanyamwanga jina la ukoo linaanza kwa Si- kwa mwanamume na Na- kwa mwanamke, kaka ni Simwinga, dada ni Namwinga, kwa hiyo mama hajifichi. Bibi mzaa baba alitoka Ileje. Mtoto mwenyewe anaongea Kiswahili, anatukana kwa Kibemba cha mpakani, na Kinyiha anakisikia tu bila kukijibu. Karani akija atamwandika nini? Atamwandika Mnyiha, kwa sababu baba ndiye aliyefungua mlango. Mama, bibi na Kibemba chake vyote vimefutwa kwa wino wa serikali. Hiyo ndiyo takwimu yenu.

Wapo wanaoninong'oneza kwamba ng'ambo ya pili, Nakonde, wanaulizwa na hakuna aliyekufa. Ni kweli Zambia huuliza. Sensa yao ya 2010 ilisema Wanamwanga ni asilimia 2.8 ya nchi. Mjomba wa Nakonde ana asilimia. Mpwa wake wa Tunduma, aliyetengwa naye kwa mstari waliokubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, hana. Hebu mwulizeni mjomba kama ile 2.8 imewahi kumshushia bei ya mbolea.

Lakini kinachonitia hofu hasa kiko vijijini, kwenye ardhi. Nendeni Kamsamba, nendeni Ivuna, bonde lote lile la kuelekea Ziwa Rukwa. Wasukuma walifika na ng'ombe wao zamani, wakalima, wakazaa, watoto wao nao wamezaa. Ukitokea ugomvi wa ng'ombe kula mpunga, neno la kwanza kusikika ni "mgeni". Anayelitamka huenda yeye mwenyewe kahamia juzi, ila ana bahati ya kuwa na jina linalofanana na la mlima wa jirani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Inasema WANAKIJIJI. Haisemi Wawanda, haisemi Wanyamwanga, haisemi Wabungu. Na vijiji vyenyewe vingi vilichanganywa na Operesheni ya miaka ya sabini, watu wakabebwa na malori na mabati yao wakatuliwa barabarani, huyu na yule. Sasa leteni jedwali linalosema kijiji hiki asilimia 70 ni kabila fulani. Siku hiyo hiyo ile asilimia 30 itakuwa imegeuzwa wapangaji. Hatahitajika mchochezi. Jedwali litatosha.

Najua jibu lenu. Mtasema mimi nafunika kombe mwanaharamu apite, kwamba ukabila upo na kutouhesabu hakuuui. Hapo mmenena, na hapo siitetei serikali. Kwenye sensa haikuulizi kabila, lakini ukikamatwa na magunia ya magendo mpakani ukafikishwa mahakamani, hati ya mashtaka ina mstari wake kabisa: jina, kabila, umri, kazi, dini. Kwa nini? Mahindi ya magendo ya Mndali yana ladha gani tofauti? Swali lililofukuzwa mlangoni kwa karani limeingilia dirishani kwa polisi. Kama mna nguvu za kupiga kelele, pigeni hapo.

Na mitaani je? Mwenye nyumba wa Sogea anakuuliza kwenu wapi kabla hajakuonyesha chumba. Mwajiri anasoma jina lako, anahesabu herufi za mwanzo, ameshakujua. Mei Mosi ya 1995 Mwalimu Nyerere alikuja Mbeya mjini, akatukemea kwa huu mtindo wa kuulizana makabila. Watu walicheka sana, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani wakaulizana. Kwa hiyo anayeniambia Tanzania hakuna ukabila namwona mzugaji sawasawa na yule anayetaka asilimia. Mmoja anaficha, mwingine anataka kuuandikia hati.

Kazi ya katikati ya hao wawili ni yetu, sisi tunaojiita waandishi, na ndiyo hatuifanyi. Mnadai namba kwa sababu namba ni rahisi. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, wakataja lugha zaidi ya mia na hamsini na kukadiria wasemaji wake wilaya kwa wilaya. Kinyiha kimo, Kinyamwanga kimo, Kindali kimo, Kibungu kimo. Nani kati yenu ameifungua? Wafasiri wa Biblia wameketi na wazee wa vijiji hivi miaka na miaka, wakibishana nao namna ya kuandika irabu. Sisi tuliozaliwa humo tunaandika hadithi zinazotokea Masaki, ambako wengine wetu hatujawahi hata kushuka kwenye basi!

Kwa mhusika kama yule mtoto wa Mpemba, mwenye lugha tatu na nusu mdomoni, mnangoja nini? Nani ameandika Galula na Wabungu wake, na vijana wanaouacha mpunga kwenda kuchimba dhahabu Saza? Nani amemwandika Msukuma aliyezaliwa Kamsamba, anayeitwa mgeni kwenye mazishi ya baba yake? Riwaya moja ya kweli juu ya mtu huyo itatueleza Songwe ni akina nani kuliko jedwali lolote. Sensa ikimkuta itamwandika: mwanamume, miaka 34, darasa la saba, maji ya mto, tochi ya sola. Inatosha kwa kazi yake, kwa maana kutokana na hayo kitapangwa kisima, dawati na zahanati, vitu ambavyo Kamsamba inavihitaji bila kujali anayekunywa anaota kwa lugha gani. Mengine yote yaliyomo ndani ya mtu huyo yameachwa wazi kwa ajili yetu, na karatasi zetu ni nyeupe.

Sensa huja kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo ijayo tunaitazamia mwaka 2032. Kelele za kurudisha kabila zitapanda tena, na nina hakika zitatokea kwa vijana waliosoma kuliko kwa wazee. Mwenye hoja ya kunipinga asingoje mpaka siku hiyo. Aandike humu humu, nami nitajibu. Ila barua yake isianze kwa kumuuliza mhariri huyu jamaa aliyeandika haya ni kabila gani.