Sheria ya Mtoto ipo, inahitaji wenye elimu ya kuisimamia

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofungua dirisha la udahili, wazazi wengi wa Unguja huwaelekeza vijana wao katika fani ambazo kazi zake zinajulikana kwa majina: udaktari, ualimu, uhasibu, sheria na, kwa miaka ya karibuni, utalii. Fani ya ustawi wa jamii, ambayo ndani yake hufundishwa utetezi wa mtoto na sera zinazohusu maisha yake, huulizwa swali lisiloulizwa fani nyengine: mtu akishasoma hayo, atafanya kazi gani?

Sehemu ya jibu imo katika takwimu za matukio ya ukatili na udhalilishaji zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Mwezi hadi mwezi idadi hupanda na kushuka, lakini jambo moja limebaki vile vile: wengi wa waathirika ni watoto. Kila tukio linalohesabiwa humo ni mtoto anayehitaji mtu mwenye ujuzi wa kukaa naye, kumsikiliza, kuandika aliyoyasema na kumfuatilia hadi haki yake ipatikane.

Kwa upande wa sheria, Zanzibar haianzii mwanzo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 mnamo mwaka 1991, na mwaka 2003 ikaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, inayomtambua mtoto kuwa ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 na kuyaweka mbele maslahi bora ya mtoto. Mwaka 2015 sheria hiyo ilipata tuzo ya dhahabu ya sera bora kutoka taasisi ya World Future Council yenye makao yake Hamburg, Ujerumani. Ukafuata Mpango Kazi wa Kukomesha Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto wa 2017 hadi 2022, na mwaka 2021 ikaanza kazi mahakama maalum ya kusikiliza kesi za udhalilishaji.

Kwa hivyo swali la leo si kama sheria ipo. Swali ni nani anaichukua sheria hiyo kutoka kwenye karatasi na kuifikisha katika nyumba ya mtoto.

Safari ya kesi moja

Umuhimu wa elimu hii unaonekana zaidi pale inapofuatwa njia ya kesi moja ya mtoto. Mzazi anapobaini kuwa mwanawe amefanyiwa udhalilishaji, anatakiwa kutoa taarifa kwa sheha au Polisi, na kumfikisha mtoto haraka katika Kituo cha Mkono kwa Mkono kabla ya kumkosha au kumbadilisha nguo, ili ushahidi usipotee. Katika vituo hivyo, kikiwemo cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, huduma za daktari, Polisi na ustawi wa jamii hupatikana pahala pamoja, mtoto asilazimike kusimulia machungu yake kwa kila mlango. Baada ya hapo jalada huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na hatimaye mahakamani.

Kila hatua katika safari hiyo ina mtaalamu wake. Daktari humaliza kazi yake kwa uchunguzi, mpelelezi kwa jalada, mwendesha mashtaka kwa kuwasilisha ushahidi. Afisa wa ustawi wa jamii ndiye ambaye kazi yake haiishii katika hatua yoyote kati ya hizo. Ndiye anayetarajiwa kujua kama mtoto amerudi skuli, kama analala salama, na kama familia bado iko tayari kumleta shahidi siku ya kesi.

Hapo ndipo kesi nyingi hudhoofika. Mtuhumiwa anapokuwa mjomba, jirani au mtu anayelisha nyumba, huingia kile Wazanzibari wanachokiita muhali. Wazee hukutana, suluhu hupatikana, na shahidi hakumbuki tena alichokisema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika suala hili anayeumbuka ni mtoto, ambaye hubakia mtaa mmoja na aliyemdhuru. Muhali hauondoki kwa amri peke yake. Unahitaji mtu anayeijua jamii, anayeweza kuzungumza na mama aliyekata tamaa bila ya kumtisha, na wakati huo huo akaieleza familia kuwa kosa la jinai halimalizwi barazani.

Kinachosomwa chuoni

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kutoa mafunzo mwaka 2001, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani ya ustawi wa jamii hapa nchini. Kwa upande wa Tanzania Bara, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, imekuwepo kisheria tangu mwaka 1973. Mwanafunzi wa fani hii husoma ukuaji wa mtoto, saikolojia, sheria, mbinu za mahojiano, usimamizi wa mashauri, utafiti na uchambuzi wa sera.

Utafiti ni somo ambalo wengi hulidharau, ingawa linaweza kubadilisha mtazamo wa nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionesha kuwa, kwa Zanzibar, takriban asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana waliohojiwa walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Bila ya takwimu hizo, sera ingeweza kumlinda mtoto wa kike peke yake na kumwacha wa kiume akinyamaza kwa aibu.

Sera pia huamua mtoto alelewe wapi. Anayepita Forodhani, Mji Mkongwe, hulikuta jengo ambalo njia hupita chini yake, na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa nyumba ya watoto yatima. Leo Serikali inalea watoto katika nyumba yake iliyopo Mazizini, lakini mtazamo wa kitaalamu umekwenda mbele zaidi: nyumba ya malezi ni kimbilio la mwisho, na mahala pa mwanzo pa mtoto ni familia. Sheria ya Mtoto imeutambua utaratibu wa kafala, unaomwezesha Muislamu kumlea mtoto wa mwengine bila ya kuivunja nasaba yake. Kuufanyia kazi utaratibu huo kunahitaji mtu anayejua sheria, anayefahamu mafundisho ya dini na anayeweza kuipima nyumba inayoomba kumchukua mtoto. Mtaala ulioandikwa kwa ajili ya nchi nyengine hautoshi kwa kazi hiyo.

Kutoka darasani hadi shehiani

Changamoto inayobaki ni kuhakikisha elimu hiyo haiishii kwenye cheti. Unguja ina wilaya saba, na mtoto wa Nungwi au Makunduchi anastahili huduma ile ile anayoipata mtoto wa Vuga. Mafunzo kwa vitendo yakifanyika katika ofisi za mjini pekee, mhitimu atajua kujaza fomu na hatajua kubisha hodi. Waajiri nao, kwa maana ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, mamlaka za mikoa na wilaya pamoja na asasi za kiraia, wana wajibu wa kuwapangia wahitimu maeneo ambako kesi zinaanzia. Na kwa kuwa sera bila ya fedha ni maneno, mwanafunzi anapaswa kujifunza pia kuisoma hotuba ya bajeti inayowasilishwa Chukwani kila mwaka, na kuuliza mtoto ametengewa nini.

Kwa mwananchi, wajibu ni mwepesi kuutaja ingawa ni mzito kuutekeleza: kutoa taarifa mapema kwa sheha, Polisi au kwa simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116, na kusimama na ushahidi hadi mwisho. Kwa mzazi ambaye kijana wake anataka kusomea ustawi wa jamii, kazi anayoiulizia ipo. Ipo katika kila jalada linalosubiri mtu wa kulifuatilia, na mtoto aliyemo ndani ya jalada hilo hana muda mrefu wa kusubiri.