Kompyuta Ikisafishwa, Mlango Ufungwe

Watumishi wa umma na walimu walio wengi siku hizi hufanya kazi zao kwa kompyuta. Humo mna kumbukumbu za watu, hesabu za idara na alama za mitihani ya wanafunzi. Kompyuta hiyo inapoingiwa na programu haribifu, mwenyewe hutafuta haraka programu ya kuisafisha. Nyingi ya programu hizo hutolewa bure, na kwa hilo watengenezaji wake wanastahili shukrani. Hata hivyo, baadhi yake zina tabia ambayo hapana budi ikemewe. Kazi ya kusafisha ikiwa bado inaendelea, programu hufungua yenyewe ukurasa wa intaneti ambao mwenye kompyuta hakuuomba. Pengine ukurasa huo ni wa matangazo, pengine wa kuomba mchango, pengine wa kumshawishi anunue programu nyingine.

Wako wasemao kuwa jambo hili ni dogo, kwani asiyeutaka ukurasa huo aweza kuufunga. Kwa maoni yetu si dogo hata kidogo.

Kwanza, tuitazame hali ya kompyuta yenyewe. Mwezi wa Novemba 2011, Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, ilitangaza kukamatwa kwa raia 6 wa Estonia, walioshtakiwa kwa mpango ulioendeshwa kwa programu iitwayo DNSChanger. Programu hiyo ilikuwa imeingia katika kompyuta zipatazo milioni 4, katika nchi zaidi ya 100. Kazi yake ilikuwa kubadili seva ambazo kompyuta huziuliza ukurasa fulani uko wapi. Mtu aliandika anwani iliyo sahihi, akapelekwa walikotaka wao, nao wakavuna fedha za matangazo. Tena iliizuia kompyuta isipate marekebisho ya programu za kinga. Hata baada ya wahusika kukamatwa, ilibidi seva za badala ziendeshwe hadi tarehe 9 Julai 2012, ili waliodhurika wasikatiwe intaneti ghafla.

Sasa tujiulize: programu ya kusafisha ikifungua ukurasa katika kompyuta ya namna hiyo kabla haijamaliza kazi, ni nani awezaye kuapa kwamba ukurasa utakaotokea ni ule uliokusudiwa? Hiyo ni sawa na kumtuma mtoto katika njia ambayo vibao vyake vimegeuzwa na mwizi.

Pili, katika Windows faili ambalo linatumika kwa kawaida halifutiki mpaka liachwe. Ndiyo sababu programu kama AdwCleaner hufunga kwanza programu nyingine zote, ndipo ianze kusafisha. Uchafu mwingi hujificha ndani ya programu ile ile ya kufungulia kurasa. Kuiamsha katikati ya kazi ni kuuamsha na uchafu uliokuwa ukiondolewa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni suala la mafunzo. Tumewafundisha wenzetu kwamba dirisha likijifungua lenyewe na kuwaambia wabonyeze hapa au walipe pale, wasilitii. Mafunzo hayo yana sababu. Mwezi wa Desemba 2008, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilikwenda mahakamani kuwasimamisha watu waliouza programu kama WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus. Matangazo yao yalidai kuwa yameipima kompyuta na kukuta ina maradhi, hali hakuna lililopimwa. Kwa maelezo ya Tume hiyo, walionunua kwa kudanganywa walizidi milioni 1. Ikiwa programu ya kweli nayo itajifungulia madirisha kama ya matapeli, mwalimu wa kijijini atawatofautishaje?

Watengenezaji wanazo hoja zao, nazo zastahili kusikilizwa. Husema kwamba wanahitaji fedha, kwamba mtumiaji anahitaji maelekezo, na kwamba programu yahitaji orodha mpya ya maradhi. Yote hayo ni kweli, lakini hakuna hata moja linalodai ukurasa ufunguliwe wakati wa kusafisha. Orodha mpya yaweza kuchukuliwa na programu yenyewe kabla ya kuanza, na ikahakikiwa kwa saini ya kidijitali. Maelekezo na taarifa ya yaliyofutwa yaandikwe katika faili la kawaida ndani ya kompyuta, ambalo mtu aweza kulisoma hata bila intaneti. Na ombi la fedha liwekwe mwishoni, kwenye kitufe ambacho mtu atakibonyeza kwa hiari yake.

Kwetu sisi tulio maofisini na mashuleni, wajibu ni kuchagua. Kati ya programu mbili zenye uwezo sawa, tuichukue ile inayofanya kazi yake kimya, inayosema wazi ilichokiondoa, na inayomwachia mwenye kompyuta uamuzi wa kwenda kokote kwingine. Wanaozinunulia idara programu wangefaa kuliweka hili kuwa sharti.

Aliyeitwa kumtoa nyoka nyumbani hakaribishi wageni kabla nyoka hajatoka. Amalize kwanza kazi aliyoitiwa, kisha aseme haja yake.