Mali Kauli na Mustakabali wa Maduka Mapya ya Tongaren

Kiswahili kina istilahi kongwe ya biashara ambayo yafaa itafakariwe na kila kijana anayefungua duka: mali kauli. Maana yake ni bidhaa ambazo mchuuzi huzichukua bila kutoa fedha, akaahidi kuzilipia baada ya kuziuza. Dhamana yake si shamba wala nyumba, bali ni neno la mtu. Maoni yangu ni kwamba duka jipya husimama au huanguka kwa jinsi mwenyewe anavyoliheshimu neno hilo.

Aghalabu vijana wetu hutamani kuiga maduka makuu ya mijini: rafu ndefu, bidhaa za kila aina na matawi ya upesi. Yafaa tujiulize baadhi ya maduka hayo yaliishia wapi. Uchumi, lililoasisiwa mwaka 1975, lilifunga milango kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Nakumatt, lililokuwa na matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, lilionekana na rafu tupu mwaka 2017, na mapema mwaka 2020 wadai wake wakapiga kura livunjwe. Tuskys nalo likafuata mkondo uo huo. Maduka haya hayakukosa wateja. Yalipanuka kwa fedha za wagavi: unga uliuzwa leo kwa taslimu, mgavi akasubiri miezi na miezi, na hatimaye wengine hawakulipwa. Wagavi walipoacha kuleta bidhaa, wateja nao walihama. Si ajabu kwamba mwaka 2019 Sheria ya Ushindani ilirekebishwa ili kuwalinda zaidi wagavi dhidi ya wanunuzi wenye nguvu.

Tongaren ina ugumu wake wa ziada. Eneo hili hutegemea mahindi. Fedha huonekana wakati wa mavuno, kuelekea mwisho wa mwaka. Januari huingia katika karo. Ifikapo Machi zimo ardhini, zimegeuka mbegu na mbolea. Mwenye duka wa Naitiri au Ndalu hukopesha sukari hadi mavuno, ilhali muuzaji wa jumla wa Kitale au Bungoma hangoji mahindi yakauke. Duka linapofungwa, wapo wasemao ni husuda ya jirani. Mimi nasema ni pengo hilo la miezi.

Tufanyeje basi? Kwanza, mwenye duka aagize kidogo kidogo, mara kwa mara; Kitale si mbali kiasi cha kumlazimu kujaza ghala kwa bidhaa asizojua kama zitanunuliwa. Pili, wachuuzi kadhaa waungane, wakodi gari moja na kununua kwa bei ya jumla. Tatu, mayai, maharagwe na mboga vinunuliwe papo hapo kijijini, kwani mkulima akilipwa Mei atakuwa na cha kununulia sabuni Mei. Nne, kila mkopo uwe na kikomo na uandikwe. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaopinga kwamba bila kukopesha hakuna mteja kijijini. Ni kweli, na kumkopesha jirani ni utu. Hata hivyo, anayekopesha mali ambayo hajailipia anaikopesha kauli ya mtu mwingine. Utu huo na upimwe kwa kadiri ya mtaji wake mwenyewe.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mikataba ya ugavi ingali ikiandikwa aghalabu kwa Kiingereza. Tuifasiri, tuieleze, tuiandike upya kwa lugha ya sokoni. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe afungue duka anastahili kuuelewa mkataba unaoweza kulifunga.