Nani Atalipia Msitu Wetu?



Katika kikao kimoja cha vijana wa parokia, tulipokuwa tukizungumza juu ya kupanda miti nyuma ya kanisa, kijana mmoja aliyezaliwa kando ya Parki ya Virunga alisimama akauliza: "Parki hii ni ya nani? Baba yangu akikata mti anafungwa. Lakini anayemfunga hulipwa na wageni, na Leta haijapata kutujengea hata daraja moja." Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana ndani ya swali lile mlikuwamo ugomvi wote ambao wakubwa wetu wanagombana huko Kinshasa kwa miaka kadhaa sasa, ila yeye aliusema kwa maneno machache kuliko wao.

Tuukumbuke ugomvi wenyewe. Mwezi wa Novemba 2021, huko Glasgow, Rais Félix Tshisekedi alitangaza mapatano na wafadhili wa misitu ya Afrika ya Kati, wakiwakilishwa na Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza: dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza, ili Kongo iilinde misitu yake. Haikupita miezi tisa, na Serikali ileile, Julai 2022, ikafungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Baadhi viliingia ndani ya Virunga, vingine vikalala juu ya ardhi ya mboji ya bonde la kati, ile ambayo wataalamu walionyesha mwaka 2017 kwamba inafunika kilomita za mraba 145,000 hivi katika Kongo zote mbili, na imehifadhi kaboni tani bilioni 30 hivi. Watu wa nje wakapiga kelele. Wakubwa wetu wakajibu kwamba nchi yenye maskini wengi namna hii haiwezi kuiacha mali yake chini ya udongo ili wengine wapate kupumua, hali ahadi za fedha zinachelewa.

Jibu hilo lina ukweli, na haifai kulidharau. Nchi zilizotajirika kwa moshi wa viwanda vyao hazina haki ya kutuhubiria bure. Hata Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alipoyataja mabonde ya Amazonia na Kongo kuwa mapafu ya dunia, hakusahau kuonya kwamba kuna tamaa kubwa za kiuchumi zinazojificha nyuma ya jina la ulinzi wa misitu, nazo zaweza kuudhoofisha uhuru wa mataifa.

Lakini jibu la nusu si jibu. Mafuta yanachimbwa Moanda, katika pwani ya Kongo-Central, tangu miaka ya 1970. Nendeni mkawaulize wavuvi wa kule kama utajiri huo umeingia nyumbani mwao. Tena tuutazame msitu wenyewe, kabla hata ya kuzungumza juu ya mafuta. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 iliamuru kwamba katika ada ya eneo inayolipwa na makampuni ya mbao, asilimia 40 irudi kwa jimbo na kwa wilaya ya mahali, ijenge shule, barabara na zahanati. Ni vijiji vingapi vilivyoiona fedha hiyo? Na mwezi wa Aprili 2022 ilitangazwa ripoti ya Ukaguzi Mkuu wa Fedha, ikionyesha mikataba ya misitu iliyotolewa kinyume cha sheria chini ya mawaziri mbalimbali waliofuatana. Kwa hiyo, mtu anapotuambia kwamba tumekosa fedha kwa sababu Ulaya haijatuma, tuna haki ya kumwuliza kwanza juu ya zile zilizokwisha kulipwa hapahapa.

Jambo linaloniuma zaidi ni walinzi. Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ni parki ya kwanza ya kitaifa barani Afrika, na zaidi ya walinzi 200 wamekufa wakiitumikia. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12 pamoja na dereva wao na raia wanne. Hao ni wana wa Kongo, waliokufa kwa ajili ya mali ya taifa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya gharama za parki hiyo hutoka kwa Umoja wa Ulaya na kwa mashirika ya nje. Kituo cha umeme cha Matebe, kinachowasha taa hadi Goma, kilijengwa kwa msaada wa mfuko wa Mmarekani. Siwalaumu waliotoa, bila wao huenda parki isingekuwapo tena. Ninawalaumu waliozoea kupokea. Anayelipa ndiye anayeamua, na mwanakijiji anapoona bendera yetu juu ya nguzo na fedha za wengine ndani ya ofisi, anahesabu parki kuwa shamba la wageni. Kisha huingia usiku kuchoma makala, nasi tulio mjini tunayanunua asubuhi bila kuuliza. (Ndiyo, hata jikoni mwa parokia.)

Msiseme kwamba mambo hayo yamekwisha. Mnada wa 2022 ulifutwa Oktoba 2024, lakini sababu zilizotolewa ni upungufu wa maombi yanayofaa na kukosekana kwa ushindani. Huruma juu ya msitu haikutajwa. Januari 2025 ilitangazwa hifadhi kubwa ya Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, na kabla mwaka haujafika nusu, Serikali ikakubali vitalu vingine 52 vya mafuta. Mkono mmoja unapanda, mwingine unang'oa. Najua pia kwamba vita imewafukuza wengi wenu kutoka Rutshuru na kwingineko, na kwa mtu anayelala chini ya hema, hoja ya bajeti inaonekana kama mchezo. Lakini bajeti ndipo inapoandikwa, mwaka baada ya mwaka, kama mahali penu pana thamani au hapana.

Katiba inaitaka Serikali ipeleke mswada wa bajeti bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba kupita, siku ambayo wabunge wanaanza kikao chao cha pili. Kila mmoja wenu ana mbunge, naye anakuja kuomba kura zenu. Mwulizeni mambo mawili tu: ni franga ngapi zimeandikwa kwa ajili ya Taasisi ya Kongo ya Hifadhi ya Viumbe, ile ICCN, na katika zile za mwaka uliopita ni ngapi zilizotolewa kweli. Mambo hayo ni mawili tofauti, na kati yake ndimo mali inamopotelea.

Kikundi chetu kimeanza kuandika barua hiyo. Yule kijana wa kando ya parki ndiye mwandishi. Mpaka Jumapili iliyopita tulikuwa bado tunabishana kama swali lake la daraja liwekwe mwanzoni au mwishoni. Yeye anataka liwe mwanzoni.