Njia ni haki ya wote: maegesho yasiwe dhiki kwa wanyonge

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Ama baada ya hayo, Ijumaa hii tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la wahandisi na askari wa barabarani peke yao, nalo ni mpango wa kuegesha magari katikati ya mji.

Huenda tukaulizwa, sisi wa Rungwe Mpya yanatuhusu nini maegesho? Yanatuhusu sana. Mkulima anayeamka alfajiri akafunga gunia la maharage kwenye baiskeli kuelekea Kasulu ndiye wa kwanza kukosa pa kupita pale ukingo wote wa barabara unapoachiwa magari. Na kwa kujengwa lami katika barabara ya Kabingo hadi Manyovu kupitia Kasulu, yenye urefu wa takribani kilometa 260, magari yatazidi kuongezeka. Ni vyema basi tujifunze kwa waliotutangulia.

Jumatatu ya Desemba 3, 2018, Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Mike Sonko ilizizuia matatu kuingia katikati ya jiji, zikatakiwa kuishia vituo vya pembeni kama Ngara na Muthurwa. Nia ilikuwa kupunguza msongamano. Matokeo yake maelfu ya watu walitembea kwa miguu mwendo mrefu, wakiwemo wagonjwa, wazee na walemavu. Kilio kikawa kikubwa, na hazikupita siku mbili agizo likasitishwa.

Hapa kwetu, mnamo Septemba 2021, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulianza kukusanya ada ya maegesho jijini Dar es Salaam kwa mfumo wa kielektroniki. Wananchi walilalamikia gharama na namna walivyodaiwa. Oktoba mwaka huo aliyekuwa Waziri wa TAMISEMI, Ummy Mwalimu, aliagiza ukusanyaji usitishwe kwa muda ili kasoro zirekebishwe.

Katika mifano hii miwili hatuoni kwamba watu walikataa utaratibu. Mji usio na utaratibu ni fujo, na ada ya haki inayorudi kutengeneza barabara haina ubaya. Kilichokosekana ni mashauriano ya kutosha kabla ya utekelezaji. Mwenye mpango alihesabu magari na mapato, akamsahau mtu wa miguu na mwenye kipato kidogo. Ilhali uislamu umetufunza kuendesha mambo yetu kwa kushauriana, na wanazuoni wa fiqhi wamekubaliana kuwa njia kuu ni haki ya umma. Hapana ruhusa ya kuweka humo kizuizi kinachowadhuru wapitao. Kuondoa madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa.

Madhara yenyewe si madogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021 duniani kote, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio sisi.

Lakini ndugu zangu, nyani haoni kundule. Kabla hatujainyooshea halmashauri kidole, tujitazame siku kama ya leo. Adhana ya Ijumaa inapoadhiniwa, wangapi kati yetu huacha gari au pikipiki katikati ya njia, tukakimbilia safu ya mbele? Nje mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni analazimika kushuka barabarani kwenye malori. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Itakuwaje basi yule anayeuweka udhia huo, tena akiwa njiani kuelekea kwenye ibada?

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, viongozi wetu wanapotaka kubadili matumizi ya mtaa wowote, mpango uletwe kwenye mikutano ya hadhara na kwa madiwani kabla ya kuchorwa mistari, na gharama zake zitajwe wazi. Pili, nasi tuhudhurie mikutano hiyo, tupinge kwa hoja na adabu, na tunapokataa tuseme tunataka nini badala yake. Tatu, kamati za misikiti zitenge sehemu ya kuegesha vyombo na ziweke vijana wa kusimamia kila Ijumaa, kuanzia wiki ijayo. Hili la tatu halihitaji bajeti ya serikali.

Tukifanya hivyo, siku tutakaposimama kudai haki ya njia, sauti yetu itasikilizwa, kwa kuwa tutakuwa tumeitekeleza kwanza mlangoni petu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe, awalinde wasafiri wetu na kuwaongoza viongozi wetu katika uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.