Tuelezwe na pa kukimbilia

Mwandishi, makala yako imepita haraka mno kwenye swali ambalo mzazi huuliza kwanza anaposikia amri ya kuhama: twende wapi? Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, walilipia kukosa jibu la swali hilo. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye mitaa 10 kati ya 18 ya mji ikaamriwa kuhama. Malaki ya watu wakashika njia, wengi wakielekea Sake. Huko madarasa na makanisa yalijaa, wengine wakalala nje kando ya barabara, maji safi yakawa shida, na kuna watoto waliopotezana na wazazi wao.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa mitaa watangaze mapema, sokoni, misikitini na makanisani, ni shule ipi au ukumbi upi utapokea watu wa mtaa upi. Nanyi wazazi, mtoto mdogo aandikiwe namba ya simu ya mzazi mkononi, kwa kalamu isiyofutika haraka. Mkifika kwenye shule au ukumbi huo, jiandikisheni hata kama mmechoka hoi, maana orodha ile ndiyo husaidia kugawa chakula na kuwatafuta waliopotea. Bebeni dawa za kila siku, shuka, na ndoo yenye kifuniko.

Na vyoo vya huko, jamani! Viwe vya wanawake mbali na vya wanaume, vifungike kwa ndani, na njia yake iwe na taa usiku kucha. Wapo wasichana wanaojinyima maji jioni kwa kuogopa giza la njia ya chooni.