Umeme umekatika, nani atakupokea?

Asikwambie mtu, giza la mjini si giza la shamba! Unguja walilionja Mei 2008, karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 likarudi kwa miezi mitatu hivi. Umeme wao ulitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Bara. Haya, dada ashuke daladala Darajani saa mbili usiku, anakwenda zake Mkunazini. Vichochoro vyembamba, jenereta zinanguruma, akipiga kelele nani atamsikia? Likirudi tena, shoga, ngoja mwenzio wa njia, hata yule jirani mnayenuniana. Tochi mulika miguuni, ukiinyanyua unawaonyesha vibaka ulipo. Na wewe mume unayepiga soga barazani, inuka bwana, kampokee mkeo kituoni!